Video za zamani ndani ya diski mpya: kisa cha SD kwenye Blu-ray

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumze historia.

Mwulize mtu yeyote Blu-ray ni nini. Atakuambia ni diski ya picha safi, mistari 1080, ile inayoonyesha hata jasho kwenye paji la uso wa mwigizaji. Hajakosea. Lakini ukiisoma orodha ya aina za video zinazoruhusiwa kwenye diski hiyo, ukifika mwisho utakuta safu mbili ambazo wengi huziruka: 720 kwa 576, na 720 kwa 480. Hizo ni picha za runinga ya zamani, za enzi ya antena juu ya paa na mtoto wa kutumwa nje aizungushe. Waliounda diski ya kisasa kuliko zote za wakati wao waliiachia picha ya kizamani mlango.

Kwa nini? Na ni nani aliyeupita mlango huo? Hayo ndiyo maswali ya leo. Majibu yake yanamhusu kila mtu mwenye kanda za harusi, za harambee au za mazishi ya babu ndani ya sanduku chini ya kitanda. Makosa ambayo kampuni kubwa zilikuja kuyajua kwa gharama kubwa ndiyo hayo hayo yanayoweza kuharibu kanda zenu siku zitakapohamishwa.

Kwanza tukubaliane maneno. SD ni picha ya kiwango cha kawaida, yaani ya runinga ya zamani. HD ni picha ya ubora wa juu. Kusimba ni kuigeuza picha kuwa mfuatano wa biti kwa kufuata kanuni fulani, na kodeki ndiyo yenye kanuni hizo za kusimba na kusimbua. Haya, twende.

720 ilitoka wapi?

Dunia ya runinga ilikuwa imegawanyika pande mbili. Marekani na Japani walitumia mistari 525 na fremu karibu 30 kwa sekunde (29.97 ukitaka uhakika). Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, Kenya ikiwemo, walitumia mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde. Tofauti hii ilianzia kwenye umeme wa nyumbani. Kule Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, huku kwetu mara 50, na runinga za mwanzo zilifuata mapigo hayo.

Mambo yalipoanza kuwa ya kidijitali, kila upande ungeweza kuchukua njia yake. Mwaka 1982 shirika la kimataifa la viwango vya utangazaji lililoitwa CCIR, ambalo leo ni sehemu ya ITU, lilitoa pendekezo namba 601. Hapa ndipo penye ufundi. Walichagua kasi moja ya kupima picha kwa pande zote mbili: mara milioni 13.5 kwa sekunde.

Chukua kikokotoo ujaribu mwenyewe. Mistari 625 mara fremu 25 ni mistari 15,625 kwa sekunde. Zidisha kwa 864 upate 13,500,000 kamili. Upande wa Marekani, mistari 525 mara fremu 29.97 na ushee, zidisha kwa 858, unarudi pale pale kwenye milioni 13.5. Pande zote mbili zikatengewa vipimo 720 vya picha katika kila mstari, na vilivyobaki ni vya nafasi ambayo runinga hutumia kurudi mwanzo wa mstari unaofuata. Vivyo hivyo, si mistari yote inayobeba picha. Katika ile 625, picha ni mistari 576. Katika ile 525, video ya kidijitali iliyosimbwa kwa kawaida hubeba 480.

Kwa hiyo 720 kwa 576 ni mapatano yaliyofanywa miaka mingi kabla ya DVD kuzaliwa, na tangu wakati huo karibu kila kifaa cha video ya kidijitali ya SD kimeyarithi.

Na hapa kuna jambo la kufurahisha kwa wapenda hesabu. 720 mara 576 ni pikseli 414,720. 1920 mara 1080 ni pikseli 2,073,600. Gawanya. Jibu ni 5 kamili. Picha moja ya HD ni sawa na picha tano za SD za upande wetu. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji.

Mkeka wa mistari

Jambo la pili ni kubwa kuliko idadi ya pikseli, na ndilo husahaulika. Runinga ya zamani haikuchora fremu nzima kwa mpigo mmoja. Ilichora kwanza mistari ya 1, 3, 5, 7 hadi chini, kisha ikarudi juu kuchora ya 2, 4, 6, 8. Mistari ilifumwa kama ukindu wa mkeka. Sababu yake ilikuwa kuzuia picha isipepese bila kutumia nafasi maradufu ya masafa ya hewani.

Sasa sikiliza vizuri. Kamera ya video haikupiga fremu moja kisha ikaikata nusu mbili. Ilipiga nusu ya kwanza, ikasubiri sehemu ya 50 ya sekunde, ikapiga nusu ya pili. Ni nyakati mbili tofauti. Kama mtu anacheza ngoma, mkono wake katika nusu ya pili umeshasogea. Kwa hiyo ingawa tunasema fremu 25 kwa sekunde, ukweli ni kwamba macho yanapata mwendo wa mara 50 kwa sekunde. Ndiyo maana habari, mpira na video za harusi za zamani zina mwendo laini, wa kana kwamba unachungulia dirishani, tofauti na sinema inayopigwa kwa picha 24 kwa sekunde.

Ukichukua nusu hizo mbili ukazionyesha pamoja kwenye skrini ya kompyuta, utaona kingo za vitu vinavyokimbia zimekuwa na meno kama kitana. Watu wengi wakiona hivyo hudhani kanda imeharibika. Haijaharibika. Huo ni mkeka uliofumwa, na kompyuta haijaambiwa namna ya kuufumua.

Kutoka VCD hadi DVD

Mwaka 1993 ilikuja Video CD, ile VCD tuliyoifahamu sana kwa sinema za mitaani na nyimbo za injili. Ilitumia kodeki ya MPEG-1, picha ya 352 kwa 288, na megabiti 1.15 tu kwa sekunde kwa ajili ya picha. MPEG-1 haikuundwa kwa ajili ya mistari iliyofumwa. Basi njia ya kawaida ilikuwa kutupa nusu moja ya kila fremu na kubaki na nyingine. Aliyehamisha kanda ya harusi kutoka VHS kwenda VCD hakupunguza pikseli peke yake. Alitupa nusu ya nyakati zilizopigwa. Ikiwa kanda yenyewe baadaye ilikatika au kuota ukungu, nyakati hizo hazirudi tena.

DVD ilifika Japani mwezi Novemba 1996 na Marekani mwaka 1997. Hii ilitumia MPEG-2, ambayo inaijua mistari iliyofumwa, na ilibeba 720 kwa 576 nzima. Picha ya SD bila kubanwa, hata baada ya kupunguza vipimo vya rangi jinsi DVD inavyofanya, inahitaji megabiti 124 hivi kwa sekunde. Diski ya DVD ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7. Ukitaka kuweka saa mbili humo, unapata wastani wa megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Maana yake ni kubana zaidi ya mara 20. Sinema tulivu hustahimili. Video ya watu 300 wanaorukaruka chini ya hema, kamera ikiyumba na mwanga ukiwa hafifu, haistahimili. Vinatokea vile vijiboksi tunavyovijua.

Tatizo la SD kwenye DVD, kwa hiyo, halikuwa idadi ya mistari pekee. Mara nyingi lilikuwa uhaba wa biti.

Vita vya diski mbili

Mwezi Februari 2002 kampuni tisa zilitangaza mpango wa Blu-ray. Siri yake ilikuwa mwanga. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa 650, na Blu-ray kwa leza ya urujuani wa bluu ya nanomita 405. Mawimbi yakiwa mafupi, alama kwenye diski zinaweza kuwa ndogo zaidi, na diski ya ukubwa ule ule ikabeba gigabaiti 25 kwa kila tabaka. Toshiba na wenzake wakaja na HD DVD, gigabaiti 15 kwa tabaka. Zote mbili zilifika sokoni mwaka 2006. Januari 2008 studio ya Warner ilihamia upande wa Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari mwaka huo huo Toshiba ikainua mikono.

Blu-ray ilikubali kodeki tatu: MPEG-2 ile ile ya DVD, VC-1 iliyotokana na kazi ya Microsoft, na H.264 iliyokamilika mwaka 2003. Lengo la H.264 lilikuwa kutoa picha ya MPEG-2 kwa karibu nusu ya biti. Kikomo cha kasi ya picha kwenye diski kikawa megabiti 40 kwa sekunde.

Na hapo ndipo palipoandikwa zile safu mbili. Waundaji walijua kwamba hazina za studio na vituo vya runinga zimejaa kanda za SD: mahojiano, matangazo, vipindi vya zamani. Hakuna aliyetaka kuzikuza zote ili tu ziingie kwenye diski. Kwa hiyo deki ya Blu-ray ikatakiwa icheze SD pia. Diski nyingi za mwanzo zilikuwa na sinema ya HD kama chakula kikuu na nyongeza za SD kama kachumbari pembeni, zikiwa zimesimbwa kwa MPEG-2.

Lakini mlango huo una masharti. SD inaruhusiwa kwa namna mbili tu: 720 kwa 576 yenye nusu 50 kwa sekunde, au 720 kwa 480 yenye nusu 59.94 kwa sekunde. Yote ni ya kufumwa. Huruhusiwi kuweka SD ya fremu 24 nzima nzima kama unavyoruhusiwa kwa HD. Sinema ikiingia hapo lazima ivae nguo za runinga. Kwa upande wa Marekani, kila picha 4 za sinema hutandazwa kwenye nusu 10. Kwa upande wetu, sinema huharakishwa kutoka 24 hadi 25, na ile ya dakika 120 inaisha kwa dakika 115 na kitu.

Kuna sharti jingine linalouma hadi leo. Deki zilizouzwa katika nchi za 50 hutakiwa kucheza 50 na 60. Deki za nchi za 60 hazilazimiki kucheza 50. Ukimtumia shangazi yako aliye Chicago diski nzuri kabisa ya 720 kwa 576, deki yake ina haki ya kuikataa.

Njia tatu za kumleta mzee mjini

Baada ya vita kuisha, wenye vipindi vya zamani walikabiliwa na swali: tuuzeje vitu vyetu kwenye diski ya HD? Zilijitokeza njia tatu.

Njia ya kwanza ni kurudi kwenye chanzo kilicho bora kuliko kanda. Mfano maarufu ni Star Trek: The Next Generation, iliyotengenezwa Marekani kati ya 1987 na 1994. Waigizaji walipigwa kwa filamu ya milimita 35, ambayo ina uwezo wa HD na zaidi. Lakini kuhariri na kuunganisha vituko vya angani kulifanyika kwenye kanda ya video ya mistari 525. Kwa hiyo filamu nzuri ilikuwepo ghalani, ila kipindi kilichokamilika kilikuwepo kwenye SD tu. CBS waliichukua filamu ya asili, wakaichanganua upya, wakahariri kipindi kimoja kimoja kwa mara ya pili na kuunganisha upya picha za vyombo vya angani. Diski za Blu-ray zilitoka kuanzia 2012 hadi 2014. Kazi ilisifiwa sana, lakini mauzo hayakufikia matarajio, na ndugu zake wawili, Deep Space Nine na Voyager, hawakupata bahati hiyo.

Njia hiyo inawezekana tu kama filamu ipo. Kipindi cha Doctor Who cha BBC kwa miaka mingi kilirekodiwa studioni kwa kanda ya video na nje kwa filamu ya milimita 16. Mwaka 1969 mgomo uliifunga studio, na hadithi iitwayo Spearhead from Space ikapigwa yote kwa filamu. Mgomo ule uligeuka baraka miaka 44 baadaye. Mwaka 2013 hadithi hiyo ilitoka kwenye Blu-ray ikiwa HD ya kweli, jambo ambalo wenzake wa kanda hawakuliweza.

Njia ya pili ni kukuza: kuchukua SD, kuifumua kwa programu, kuikuza hadi 1080, kisha kuisimba kama HD. Mikusanyo ya Doctor Who ya zamani iliyoanza kutoka mwaka 2018 ilifuata njia hii, na waliofanya kazi hiyo ni mafundi waliobobea. Walihakikisha mwendo wa nusu 50 kwa sekunde unabaki. Lakini kukuza hakuongezi habari. Kila pikseli moja ya chanzo inageuka kuwa tano, na nne kati ya hizo ni makisio. Ukikisia vizuri, sawa. Ukikisia vibaya, umeyachoma makosa ndani ya picha na umelipa biti zaidi kuyahifadhi.

Njia ya tatu ni kuiacha SD ibaki SD, na kutumia ukubwa wa diski kuipa biti za kutosha. Hii ndiyo njia ya zile safu mbili.

Hesabu ya diski moja

Hebu tuone faida yake. Diski ya Blu-ray ya matabaka mawili ina gigabaiti 50. Ukisimba SD kwa H.264 kwa wastani wa megabiti 5 kwa sekunde, sauti ikiwa ndani, unapata saa 22. Wastani ule ule uliokuwa unaibana MPEG-2 sasa unaipa H.264 nafasi ya kupumua. Mfululizo wa katuni wenye vipindi 52 vya dakika 23 ni kama saa 20. Kazi iliyojaza kasha la DVD nyingi inaingia kwenye diski moja, tena ikiwa na picha isiyo na vijiboksi vingi.

Kampuni ya Discotek Media ya Marekani, inayotoa katuni za Kijapani, imeifanya njia hii kuwa desturi kwa vipindi ambavyo chanzo pekee kilichosalia ni kanda ya SD. Huandika wazi kwenye kasha kwamba hii ni SD ndani ya Blu-ray. Mnunuzi hadanganywi, na anachopata ni kile kilichokuwa kwenye kanda, bila mapambo ya HD ya uongo.

Kwa miaka ya mwanzo kazi hii ilihitaji enkoda ghali za studio. Mabadiliko yalikuja Aprili 2010, pale waundaji wa x264, enkoda huria ya H.264, walipotangaza kwamba programu yao sasa inaweza kutoa video inayotimiza masharti yote ya Blu-ray. Kijana yeyote mwenye kompyuta ya kawaida akaweza kusimba diski halali. Ndani ya programu hiyo kuna chaguo linaloitwa --fake-interlaced, na jina lake linachekesha ukilielewa. Blu-ray haina nafasi ya SD ya fremu 25 zisizofumwa. Basi x264 husimba fremu nzima nzima, lakini huandika kwenye karatasi za safari kwamba mzigo umefumwa. Deki inasoma karatasi, inaridhika, inafungua geti.

Kwa video iliyofumwa kweli, H.264 ina ujuzi mzuri zaidi. Inaigawa picha katika vipande vidogo, na kwa kila jozi ya vipande inaamua: hapa pametulia, ukuta na pazia, niandike kama fremu nzima, hapa bibi harusi anazunguka, niandike nusu hii kando na nusu ile kando. Programu haifumui kitu. Inaihifadhi mikeka kama ilivyofumwa, na kuiachia runinga ya mtazamaji kazi ya kufumua. Nayo programu ya kufumua ya mwaka 2025 ni bora kuliko ya 2005. Ile ya 2040 huenda ikawa bora zaidi. Aliyefumua mapema na kutupa asili amejifungia kwenye ujuzi wa siku ile.

Mambo yanayoharibu

Katika historia hii yote, picha za SD hazikuharibiwa na mistari michache. Ziliharibiwa na watu waliozibadilisha bila kujua wanabadilisha nini. Makosa yenyewe ni machache na yanajirudia:

1. Kutupa nusu moja. Hili tuliliona kwenye VCD. Mwendo wa mara 50 unakuwa 25. Hata nakala za filamu za milimita 16 ambazo BBC iliuza ng'ambo zilikuwa na tatizo hili. Mwaka 2013 vipindi 9 vya Doctor Who vya miaka ya 1960 vilivyodhaniwa kupotea vilipatikana Jos, Nigeria. Dunia ilishangilia, na ilikuwa haki yake. Lakini nakala za filamu zina picha 25 kwa sekunde. Mwendo laini wa kanda ya asili ulikuwa umekwisha kufutwa London, kanda zilipotumiwa tena.

2. Kubadilisha mpangilio wa nusu. Kanda za DV huanza na nusu ya mistari ya chini, wakati DVD nyingi huanza na ya juu. Ukimdanganya msimbaji, mtu anayetembea mbele ataonekana anasonga hatua mbili mbele na moja nyuma.

3. Rangi. SD hutumia hesabu ya rangi ya pendekezo lile lile la 601. HD hutumia ya 709. Ukisimba SD bila kuandika ni ipi, runinga itakisia, na ngozi za watu zitabadilika rangi kidogo. Si sana, lakini mama atakuambia huyu si yeye.

4. Umbo la pikseli. 720 kwa 576 si 4 kwa 3 ukihesabu pikseli kama miraba. Pikseli za SD si miraba. Bila kuandika umbo lake, watu wote watakuwa wembamba au wanene kuliko walivyokuwa.

5. Kukuza kisha kutupa asili. Hili ndilo la leo. Programu za akili bandia zinaweza kuchukua uso wenye pikseli 30 na kuupa kope, makunyanzi na meno. Unapendeza. Lakini kope zile hazikupigwa na kamera, zimebuniwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kuza kama unataka kutazama, hakuna dhambi, ila usiifanye nakala hiyo kuwa ndiyo ya kuhifadhi.

Na kanda zetu?

Kenya tulizima mitambo ya analogia mwaka 2015, na tangu hapo ving'amuzi vimetuletea picha kwa H.264, kodeki ile ile ya Blu-ray, chaneli nyingi zikiwa bado za SD. Kwa hiyo wazo la SD ndani ya kodeki ya kisasa si geni kwetu. Limekuwa sebuleni miaka yote hiyo.

Wasiwasi wangu ni kanda. MiniDV, iliyoanza mwaka 1995, hurekodi 720 kwa 576 yenye nusu 50, na huchukua gigabaiti 13 hivi kwa saa. Kanda yake ikipitishwa kwa waya wa FireWire, kompyuta inapokea biti zile zile zilizoandikwa na kamera, hakuna kinachobanwa tena. Saa moja inaingia kwenye diski ya gigabaiti 25 kama faili na nafasi inabaki. VHS ni ya analogia, kwa hiyo inahitaji kifaa cha kuigeuza, na kifaa hicho kiambiwe kichukue 720 kwa 576 na nusu zote 50.

Saa inakimbia. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana ikitengeneza deki za VHS, iliacha mwezi Julai 2016. Januari 2025 Sony ilitangaza kwamba mwezi Februari ingeacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Katika tangazo hilo hilo ilitaja pia kanda za MiniDV. Kanda iliyobeba harusi na diski ambayo ingeweza kuipokea zilifungiwa mlango siku moja na kampuni moja.

Kwa hiyo diski yenyewe si jambo la kushikilia sana. Leo faili inaweza kukaa kwenye diski mbili za kompyuta, moja kwako na nyingine kwa ndugu yako. Cha kushikilia ni kanuni iliyofichwa kwenye zile safu mbili za mwisho wa orodha: picha ya zamani iingie kwenye chombo kipya ikiwa na mistari yake yote, nusu zake zote, rangi zake na umbo lake. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa. Ukimpelekea fundi kanda zako, mwambie mambo mawili kabla hajawasha mashine: usifumue, na usikuze. Halafu mwombe faili ya asili, hata kama ni kubwa. Hiyo ya WhatsApp atakutengenezea baadaye.